Fidia ya Uganda: ufunguo wa sanduku ushikwe na nani?

Ndugu zangu wa Goma, tuliongee hili waziwazi. Pesa za fidia ambazo Uganda inailipa Kongo kwa sababu jeshi lake lilivamia nchi yetu katika vita ya 1998 hadi 2003, zibaki kwa serikali ya Kinshasa, au wageni watuwekee mpaka nchi itulie?

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325, mafungu matano ya milioni 65, la mwisho Septemba 2026. Ndani yake milioni 225 ni za watu: waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, waliofukuzwa makwao. Hazikutajwa za gereza. Lakini Septemba 2025 waziri wa zamani wa sheria alihukumiwa Kinshasa kwa mambo ya dola milioni 19 za kujenga gereza Kisangani, pesa zilizotoka FRIVAO, mfuko wenyewe wa wahanga. Inauma.

Ndiyo maana wengi wanasema: basi zikae Ulaya. Nawaelewa, ila sikubali. Mwaka 1901, baada ya uasi wa Boxer dhidi ya wageni, mataifa ya nje, Marekani ikiwemo, yaliitwisha China fidia ya tael milioni 450 (tael ni kipimo cha fedha ya China ya zamani). Mwaka 1908 Marekani ikakubali kurudisha ziada ya fungu lake, lakini yenyewe ndiyo iliyotaka pesa hizo zisomeshe vijana Marekani. Shule ya Tsinghua ilizaliwa hapo, na ni shule kweli. Lakini anayekushikia pesa ndiye anayekupangia matumizi.

Mimi nasema zibaki Kongo, ila dola hata moja isitoke bila sahihi ya wawakilishi wa wahanga, na majina pamoja na viwango yabandikwe parokiani, msikitini na kwenye ofisi za mtaa, kila mtu asome.

Halafu zimfikie mtu pale alipo. Jirani yangu ni mzee wa Kisangani. Juni 2000, katika vita ya siku sita kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda mjini humo, bomu liliangukia nyumba yake, akampoteza binti. Makaratasi yake ameyafunga kwenye mfuko wa plastiki: cheti cha kifo, picha ya ukuta uliotoboka, risiti ya kuandikishwa ambayo wino wake umeanza kufutika. Benki za Goma zilifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Jina lake likiitwa kesho, atalipwa dirisha gani?

Nyinyi mnaotaka pesa zisimame mpaka vita iishe, yeye ana miaka 78. Mnamwambia angoje mpaka lini?