Mama ana valvu ya chuma na anatumia wafarini: aache mboga za majani? Na vidonge vya vitamini K2 je?

BintiKilosa:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa mlio kwenye mambo ya dawa.

Mama yangu ana miaka 58. Aliwekewa valvu ya chuma ya moyo, ile ya mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), baada ya kuteseka na moyo muda mrefu. Anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni na kupima INR kila mwezi, yaani kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani (namba ikipanda, inachelewa zaidi). Kwenye kadi lengo lake ni 2.5 hadi 3.5.

Siku anaruhusiwa hospitali, mhudumu mmoja alimwambia asiguse kabisa mboga za majani. Mama alitii: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, vyote akaviacha. Kwetu ugali ni mboga za majani, kwa hiyo sasa ni maharage na dagaa kila siku na amechoka. Akienda kwenye msiba au harusi anakuta kisamvu cha nazi, anakula sahani nzima. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 4.1, cha juzi 1.7. Daktari amebadilisha dozi tena.

Juu ya hayo, mama mdogo aliyeko Muscat ametuletea chupa ya vitamini K2, imeandikwa MK-7 mikrogramu 100. Anasema inatoa kalsiamu kwenye mishipa na kuipeleka kwenye mifupa. Mama analalamika magoti na mgongo, anataka aanze leo. Nimeiweka chupa pembeni kwanza. Kisayansi, hii K2 ina ukweli gani? Na mboga ziruhusiwe au zisiruhusiwe?

BabaNeema:

Pole sana binti. Mimi pia niko kwenye dawa hiyo, kwa sababu ya bonge la damu mguuni. Niliambiwa hivyohivyo, nikahamia kwenye kabichi na nyanya chungu. Ila kuhusu K2, jamaa yangu aliniambia haina shida, eti inayogombana na dawa ni K1 ya kwenye majani tu. Wataalamu watuthibitishie.

MfamasiaTanga:

Binti, chupa iache hapohapo pembeni. Baba Neema, uniwie radhi, lakini hilo la jamaa yako ni la hatari, nitaeleza.

Ini linatengeneza protini za kugandisha damu, zile tunazoziita namba 2, 7, 9 na 10. Bila vitamini K protini hizo hutoka zikiwa hazijakamilika, haziwezi kushika kalsiamu, na damu haigandi inavyotakiwa. Vitamini K ikishatumika, mwili huirudisha katika hali yake ili itumike tena. Wafarini inazuia hapo, kwenye kuirudisha. Kwa hiyo dozi ya mama yako imepimwa kulingana na vitamini K anayoiingiza mwilini. Hakuna dozi ya wafarini iliyo sahihi peke yake. Iko sahihi kwa mtu fulani mwenye mlo fulani.

Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa ina karibu mikrogramu 440 za vitamini K, na mwanamke mzima anahitaji kama 90 kwa siku. Mchicha na majani mengine ya kijani kibichi yako kwenye kundi hilohilo. Ugali, maharage na dagaa karibu hazina kitu. Mama akikaa wiki tatu bila majani, akiba yake inakuwa kama mtungi uliobaki maji ya chini kabisa: ndoo moja tu ikimiminwa, kina kinapanda ghafla. Ndiyo ile sahani ya kisamvu cha msibani. Tena kile cha nazi, maana vitamini K hunyonywa vizuri zaidi ikiwa na mafuta.

Kwa hiyo ushauri wa "asiguse mboga" ndio unaomyumbisha. Ushauri unaokubalika sasa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki. Wapo watafiti wa Uingereza waliokwenda mbali zaidi: mwaka 2007 walichukua wagonjwa 70 ambao INR yao ilikuwa inayumba bila sababu, nusu wakapewa mikrogramu 150 za vitamini K kila siku. Waliopewa walitulia zaidi. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, ndiyo maana miongozo haisemi kila mgonjwa apewe. Lakini hebu ona: vitamini K inayoingia kila siku kwa kiasi kilekile si adui wa wafarini.

Tahadhari moja kubwa. Msianze mboga kesho bila kliniki kujua. Dozi ya sasa imepangwa kwa mtu asiyekula majani. Akiongeza majani, INR itashuka, na valvu ya chuma kwenye mitrali ikipata bonge la damu matokeo yake ni kiharusi au valvu kukwama. Mwambieni daktari: "Tunataka mama aanze kula mboga kiasi fulani, mara fulani kwa wiki." Atapima mapema na kurekebisha dozi.

Sasa K2. MK-7, aina ya K2 iliyo kwenye chupa yenu, inakaa kwenye damu kwa siku kadhaa, K1 ya majani huondoka ndani ya saa chache. Waholanzi walijaribu MK-7 kwa watu wazima wenye afya waliokuwa wamepewa dawa ya kundi la wafarini, na hata mikrogramu 10 kwa siku ilitosha kuvuruga baadhi yao. Chupa yenu ni 100.

Na zile sifa za mishipa? Zimetokana zaidi na utafiti wa Rotterdam uliochapishwa mwaka 2004, watu 4,807 waliulizwa wanakula nini kisha wakafuatiliwa. Waliokula K2 nyingi, hasa kutoka kwenye jibini, waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wachache zaidi. Ni jambo la kufuatilia, lakini anayekula jibini nyingi Uholanzi anatofautiana na jirani yake kwa mengi. Denmark wakafanya jaribio lenyewe: wanaume wazee 365 wenye kalsiamu kwenye valvu ya aota (mlango wa damu inayotoka moyoni), nusu wakapewa MK-7 mikrogramu 720 pamoja na vitamini D kwa miaka miwili, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Kalsiamu iliendelea kuongezeka sawasawa pande zote mbili.

Mifupa nayo ni vurugu. Uholanzi mwaka 2013, wanawake 244 waliokoma hedhi, mikrogramu 180 kwa miaka mitatu: mifupa ilipungua polepole zaidi. Norway mwaka 2010, wanawake 334, mikrogramu 360 kwa mwaka: hakuna tofauti. Canada walitumia K1 miligramu 5 kwa wanawake 440. Uzito wa mifupa haukubadilika, ila waliovunjika mifupa walikuwa 9 kwa waliopewa K1, na 20 kwa wasiopewa. Hiyo inavutia, lakini jaribio halikupangwa kupima kuvunjika, na namba ni ndogo. Japani K2 hutolewa kama dawa ya mifupa, lakini kwa miligramu 45 kwa siku. Hiyo ni mara 450 ya kidonge cha Muscat! Mtu akikusomea habari za Japani ili akuuzie kidonge cha mikrogramu 100, mwambie hapana.

Mtu asiyetumia wafarini akitaka kumeza K2, sina neno, haijulikani kuwa na sumu kwa dozi hizo. Mama yako hapana.

MkungaWaPwani:

Naongezea kitu kimoja ili watu wasiondoke hapa wakidharau vitamini K. Mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo mno, na maziwa ya mama yana kidogo. Ndiyo maana tunamchoma miligramu 1 pajani anapozaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Wasiochomwa, wachache hutokwa damu kati ya wiki ya 2 na ya 12, na mara nyingi ni kwenye ubongo. Mwaka 1992 watafiti wa Bristol waliihusisha sindano hii na saratani ya watoto, wazazi wengi wakaogopa. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Wamama, msiikatae sindano.

BintiKilosa:

Asanteni mno. Dada mfamasia, nimemsomea mama yote, amefurahi kusikia matembele yatarudi. Maswali mawili: unga wa mlonge ambao jirani anamletea unahesabika? Na kwa yale magoti ameze nini?

BabaNeema:

Nami niulize hapohapo, kuna watu wanasema siku hizi kuna vidonge vipya visivyohitaji kupima INR. Tusihame?

MfamasiaTanga:

Mlonge ni majani, tena yaliyokaushwa, kwa hiyo kijiko kimoja kina majani mengi. Unahesabika. Kama si wa kila siku kwa kipimo kilekile, na kliniki wanajua, aache.

Magoti: asiguse diklofenaki wala brufeni, hata ya kupewa dukani kwa wema. Zikichanganyika na wafarini, tumbo linaweza kutoka damu. Parasetamo ni afadhali, lakini akiimeza kila siku kwa dozi kubwa INR hupanda, basi aseme. Na akiandikiwa Flagyl au Septrin kwa ugonjwa wowote, amwambie anayemwandikia kuwa yuko kwenye wafarini, apimwe INR ndani ya siku chache.

Baba Neema, kwa bonge la mguuni swali lako ni halali, muulize daktari wako. Kwa mama mwenye valvu ya chuma jibu ni hapana. Dabigatrani, kimojawapo cha vidonge hivyo vipya, ilijaribiwa, jaribio likasimamishwa kwa sababu mabonge na kutokwa damu vilizidi. Apiksabani, kingine cha vidonge hivyo, nayo ilijaribiwa kwa wenye valvu ya chuma ya aota, ikasimamishwa mwaka 2022.

Binti, andika kwenye daftari mama anakula majani gani na siku gani, uende nalo kliniki. Na akiona kinyesi cheusi kama lami, kichwa kumuuma ghafla kuliko kawaida, mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.