Naombeni ushauri: AI inaniomba ruhusa kila dakika, niiachie ijiamulie?

Kidole Kimechoka: Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, shughuli zangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba. Tuna programu ya orodha ya kazi kwenye simu, watu watano tunaandika humo: nani alipie barafu, gari linaondoka saa ngapi, nani tunamdai. Mwezi uliopita nikaiunganisha na AI. Inapanga vizuri, ila kabla ya kuandika chochote inasimama: kubali au kataa? Kwa siku zinafika 40. Niiachie tu, au niendelee kubonyeza?

Mama Nansio: Mimi natumia kaunta buku. Liliwahi kudumbukia majini nikishuka feri ya Ukerewe, nikalianika juani siku nzima. Madeni yote yakasomeka isipokuwa la shemeji yangu. Mpaka leo anasema hakumbuki.

Fundi Waya: Mkuu, kusoma orodha iachie isome bila kuuliza. Kuongeza kazi mpya nako hakuna hatari kubwa. Kufuta, kuweka tiki na kubadilisha tarehe, hapo lazima iulize. Halafu iambie mapendekezo iyalete kwa mkupuo, asubuhi na jioni, uyasome umetulia. Mtu akiulizwa mara 40 hasomi tena, anapangusa kioo tu. Umeunganisha kwa MCP, ule utaratibu wa kuunganisha AI na programu nyingine? Na "ruhusu daima" hujaibonyeza?

Kidole Kimechoka: MCP ndiyo, ile ya Anthropic ya 2024. Hayo mengine tutafika.

Sato wa Foili: Kashabonyeza huyu 😂

Kidole Kimechoka: Jumatatu. Nilikuwa nimebanwa kwenye daladala, mkono mmoja juu, ningefanyaje? Na siku mbili ilifanya kazi safi. Jumatano mwenzetu akaandika kwenye orodha, "za wiki iliyopita zimeisha zote, ondoa". Alikuwa anamwambia kijana wa stoo. AI ikajua imeambiwa yenyewe. Zikaondoka kazi 23, madeni yakiwemo. Sasa nikirudisha kuuliza, wataniuliza kulikoni.

Mama Nansio: "Wataniuliza" akina nani, mwanangu? Orodha ya nani hiyo?

Kidole Kimechoka: Ya mama tajiri wangu. Ila niliitengeneza mimi, kwa simu yangu na bando langu.

Mzee wa Kanisa: Umempa mgeni funguo za nyumba ya mtu, kisha unajitetea kwamba kitasa ulikifunga wewe. Kamwombe msamaha leo leo.

Fundi Waya: Mzee, hilo ni lake na mama tajiri wake. Mkuu, AI haitenganishi vizuri maandishi yaliyomo kwenye orodha na amri yako wewe. Ukishairuhusu daima, yeyote anayeandika humo anaiamuru kwa ufunguo wako, yaani ile nywila inayoiruhusu AI kuingia kwenye orodha. Batilisha huo ufunguo sasa hivi, tengeneza mwingine. Kisha kagua simu za wenzako. Kama kuna iliyokuwa haina intaneti tangu Jumatano, usiiwashie data kwanza, huenda bado ina orodha ya zamani. Ipige picha.

Mvuvi Mstaafu: Mnahangaika bure, hii ni chai. Wiki nzima mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni. Na dagaa wanaanikwa mchangani, barafu ya nini?

Sato wa Foili: Chai na sukari kaweka mwenyewe.

Mama Nansio: Kumbe! Na mimi nimeshamwombea.

Kidole Kimechoka: Si chai. Nilibadilisha ili nisijulikane, Mwaloni tunafahamiana. Siyo dagaa. Ni sangara, na mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwake.

Fundi Waya: Madeni ya mabondo ndiyo yamefutika?

Kidole Kimechoka: Ya watu wawili tu. Mmoja ameshaniuliza salio lake, nikamwambia mtandao unasumbua. Kijana wa stoo simu yake ilizima chaji tangu Jumanne, namfuata Igombe kesho alfajiri.

Mvuvi Mstaafu: Alfajiri? Panda boda sasa hivi, kabla hajaichaji!

Sato wa Foili: Samahani wakuu kwa kutoka nje ya mada. Mabondo kilo ni bei gani wiki hii?