Bakteria wakizibwa mdomo, kidonda kitapona?

Mwanamaabara: Wakuu nileteeni hoja. Hawa Pseudomonas, bakteria wanaopenda vidonda sugu, wakiwa wachache wanatulia, kila mmoja anatoa vikemikali vyake, vikishajaa wanajua akidi imetimia kama bungeni, hapo ndo wanamwaga sumu na ule ute wanaojifunika unakomaa. Ndani ya ute antibayotiki inagonga mwamba. Mi nasema hela ya utafiti iende kwenye dawa za kuwakatia mawasiliano, hizi za kuua kila siku zinatuachia sugu. Na iwe sayansi kweli, sio mambo ya kina bibi na vitunguu saumu vyao.

Mama Rehema: Hapo kwa bibi umenikera. Mama yangu ana kidonda cha kisukari, unafungua bandeji gauzi imelowa kijani, harufu tamutamu inakukaba koo. Sindano tumepiga, vidonge tumemeza, wapi! Bibi ndo kakaa chini kamuosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi, leo unamtaja kwa dharau.

Bin Seif: Pole dada. Mleta mada, Denmark mwaka 2012 walionyesha ajoini, kemikali ya kwenye saumu, inawafunga mdomo haohao Pseudomonas. Bibi kakosea wapi?

Mwanamaabara: Maabara na kwa panya sawa. Kwa watu, Nottingham kule Uingereza waliwajaribu wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi ambao Pseudomonas huvamia mapafu, wiki 8, wengine kapsuli za saumu wengine mafuta ya zeituni, wakamaliza 26, tofauti ya maana haikuonekana.

Bin Seif: Watu 26 ndo unafungia mjadala? Dawa yako wewe ya kukata mawasiliano iko duka gani?

Nesi wa vidonda: Jamani saumu mbichi ya kupondwa inaunguza, nimeona mguu wa kisukari umetoka malengelenge na mgonjwa hasikii kitu maana nyayo zina ganzi, tafadhali msiweke. Na wewe wa maabara, Stafilokokasi, bakteria mwingine wa vidonda, ukimkatia mawasiliano yake ute unaweza kuongezeka, kwa sababu mfumo huohuo ndo unampa ruhusa ya kutoka kwenye ute akasambae. Vidonda vingi vina huyu na yule pamoja, utamziba nani umwache nani? Tunachofanya ni kukwangua ule ute, dawa ipite kabla haujajijenga tena, na unajijenga ndani ya siku mbili tatu tu.

Mama Rehema: Sisi hakuna aliyetukwangulia. Gauzi mpya, rudi wiki ijayo, gauzi mpya, rudi wiki ijayo, miezi minne.

Mwanamaabara: Dada, kwa bibi nilivuka mpaka, nisamehe. Ila nesi, sijasema hiyo dawa itumike peke yake, iende pamoja na antibayotiki, ute ukilegea ndo iingie.

Nesi wa vidonda: Hapo angalau tunaongea. Mama Rehema, mgonjwa anaendeleaje?

Mama Rehema: Kidole gumba kilikatwa mwezi wa tatu. Mguu upo. Bibi bado anamuosha.