Tupeane uzoefu: gari inachemsha na inamisi, mwisho wa siku ulikuta tatizo ni nini?

Mkazi wa Pasiansi
Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni wa wale ambao gari zao zimewahi kuchemsha halafu zikawa zinamisi pia (silinda inaruka, haichomi mafuta vizuri), yani ugonjwa unaondoka unarudi, leo umebadilisha hiki kesho kile na hela inazidi kuteketea. Tuambiane uliona dalili gani, fundi akasema nini na ilikuja kuwa nini hasa. Wale wa "uza nunua nyingine" naomba mpite tu kimya kimya.

Naanza mimi. Nina IST ya cc 1300. Asubuhi nikiiwasha inatetemeka na inamisi kidogo, moshi mweupe kwenye ekzosi, halafu inatulia inakuwa nzima kabisa siku nzima. Mashine ya kupima gari inasoma P0302, hiyo ni kodi (namba ya hitilafu) ya kumisi silinda ya pili. Plagi zikabadilishwa zote, nikaambiwa koili ya pili (inayopelekea plagi umeme wa kupiga moto) imekufa nikachukua ya mtumba, wapi, vile vile. Huku nako maji kwenye kile kitangi yanapungua na chini hakuna hata tone, na safari ndefu geji inapanda. Fundi umeme anahangaika na koili, fundi rejeta anaongeza maji, hakuna aliyeunganisha haya mambo mawili.

Aliyeunganisha ni mzee mmoja yuko Mabatini, hana hata mashine. Alifungua plagi akazipanga juu ya gazeti kwa kufuata silinda zake, tatu zina ule ukahawia wa kawaida, ya pili nyeupe safi kama imetoka dukani muda huo huo. Akasema "hii inaoshwa". Ukizima gari bado ina moto kuna presha kwenye mfumo wa maji, basi usiku maji yanapenya kidogo kidogo kwenye silinda, asubuhi ile silinda haichomi mpaka iyateme, ndo huo moshi. Hedi gasketi hiyo, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda. Hedi ikaenda kuskimiwa (kusawazishwa uso wake), gasketi orijino, na ile koili iliyosemwa imekufa imerudishwa na inapiga kazi mpaka leo.

Dereva wa Sengerema
Mkuu umenena. Mimi yangu Carina Ti enzi za foleni ya kivuko pale Kigongo. Barabarani geji imetulia chini ya nusu, ukifika foleni umekaa umeacha inaunguruma sailensa na AC inapiga basi geji inapanda, pantoni ikifika ukianza kusogea inashuka. Wakanishauri nibadili rejeta nikakataa, nikafungua boneti wakati geji iko juu nikaangalia feni, haizunguki. Ilikuwa relei tu, ile swichi inayowasha feni, fyuzi nzima na mota nzima.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, ikichemsha imesimama na ikitembea inapoa angalia feni kwanza maana ukitembea upepo ndo unafanya kazi ya feni. Ikichemsha mlimani au ukikanyaga mafuta sana hapo ndo uangalie rejeta kuziba, wota pampu, themostati (kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto). Na sasa hivi daraja la pale Kigongo limefunguliwa tangu Juni 2025 unakatiza ziwa moja kwa moja, mtu anaweza akaishi na feni mbovu miezi na asijue, siku akikwama Buzuruga jioni ndo anajua.

Mama Dagaa Kirumba
Sisi tunaobeba mizigo ya Mwaloni tuna ugonjwa wetu jamani. Wale vijidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka hadi unadhani kuna kitu kinaungua huko majini, ukipita navyo usiku vinajaa mbele ya gari. Kijana wa kuosha anapiga maji kwa mbele panang'aa unaridhika. Kumbe kondensa ya AC iko mbele na rejeta iko nyuma yake, katikati hapo kulikuwa na tope la wadudu na vumbi limekauka, upepo haupiti kabisa. Fundi alilegeza rejeta akaisogeza akaosha kutokea nyuma kuja mbele, maji ya taratibu sio ya presha kali maana yanalaza vile vibati. Sijawahi kuchemsha tena, na niliambiwa nifungue hedi!!

Fundi Nyakato
Naona mambo ya msingi yamesemwa, niongezee mawili.

La kwanza mfuniko wa rejeta. Watu wanaudharau sana. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari kwa hiyo huku Mwanza maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki 100. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 unashikilia presha na maji yanaweza kwenda mpaka karibu 120 bila kuchemka. Mpira wake ukichoka au springi ikilegea injini nzima kabisa itakutemea maji. Kabla hujafungua chochote kikubwa badili mfuniko, na uwe na namba ile ile. Na usiufungue gari ikiwa ya moto, nimeshaona mtu amebabuka uso.

La pili koili. Kabla hujanunua hamisha. Mashine ikisema P0302 toa koili ya pili weka ya tatu, ya tatu weka ya pili, futa kodi, tembea. Kodi ikihamia P0303 koili ndo mbovu. Ikibaki P0302 achana na koili, nenda plagi, nozeli ya mafuta, pima kompresheni (mgandamizo wa silinda). Hii ni bure na inachukua dakika chache, sijui kwa nini watu wanaenda dukani kwanza.

Mjomba wa Igoma
Fundi hapo kwenye themostati mbona umekaa kimya. Mimi niliitoa zamani sana na sijawahi kuchemsha, huku kwetu joto ya nini?

Fundi Nyakato
Mjomba shikamoo. Haichemshi sawa, ila geji yako inafika katikati kweli? Injini ikikaa ya baridi kompyuta inajua bado inapata moto inaendelea kumwaga mafuta mengi, plagi zinakuwa nyeusi, inaanza kumisi na petroli inakwenda. Halafu kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba ile njia fupi ya maji, ukiitoa maji mengine yanazunguka humo humo bila kufika kwenye rejeta, hizo ukipanda mlima zinachemsha.

Mjomba wa Igoma
Marahaba. Mafuta inakula kweli.

Dada wa Magu
Yangu ilikuwa Vitz, geji haipandi hata kidogo ila ikishapata moto inazima ghafla barabarani, stata inazungusha vizuri haiwaki. Ukikaa nusu saa hivi inawaka unaondoka. Nilibadilishiwa pampu ya mafuta bure tu. Siku imezima karibu na Kisesa akaja fundi wa pale, akapima moto kwenye plagi hakuna kabisa, akachukua maji ya chupa akamwagia taratibu kasensa kadogo ka kwenye kranki, akasema washa. Ikawaka! Kumbe sensa ikipata joto inakata mawasiliano na bila yenyewe koili hazipewi amri ya kupiga moto. Kwa hiyo sio kila inayozima kwa joto imechemsha.

Kijana Raum
Wakuu mimi Raum, asubuhi kabla sijawasha hozi ya juu ya rejeta imekaza ngumu, nikifungua mfuniko inatoa pumzi psss. Nikiwasha mapovu hayaishi. Fundi wangu anasema ni hewa imebaki, tuendelee kuitoa tu.

Mkazi wa Pasiansi
Dogo hewa iliyobaki inatoka ikaisha, hiyo yako inatengenezwa kila siku, inaelekea ni gesi ya silinda inapenya kwenye maji, hedi gasketi kama yangu. Gari ikilala usiku mzima hozi inatakiwa iwe laini.

Fundi Nyakato
Kuna dawa ya bluu inawekwa juu ya mdomo wa rejeta, gesi ya silinda ikipita inageuka njano, hapo hakuna ubishi tena. Ninayo. Ila kesho usiiwashe kabisa asubuhi, nifuate mimi nije na spana ya plagi nizione zikiwa baridi. Na oili usimwage, nataka kuangalia kama imekuwa maziwa, yani imechanganyika na maji.