Naomba ushauri: kushea printa moja nyumbani, bajeti elfu sitini

Mpangaji_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Kuna printa moja nyumbani, nataka mimi na shemeji tuitumie kila mtu akiwa kwenye kompyuta yake, na madogo waprinti kwa simu. Ruta ipo, bando la mwezi lipo. Mfukoni nina elfu sitini. Njia ipi nafuu? Ni haraka kidogo.

Fundi_Kimya: Printa gani? Ya waifai au ya waya?

Mama Saumu: Uza, nunua ya waifai upumzike. Mimi ya wino nilishea na jirani, kumbe anachapa kadi za michango ya harusi usiku kucha. Rangi zikaishia kwenye harusi ambayo hata sikualikwa. Printa ni kama mswaki, mwanangu.

Kobe Mpole: Nenda steshenari, ulipie kurasa zako, urudi ulale.

Mpangaji_Tabata: Fundi, ni laser ya kawaida tu. Nzima kabisa.

Fundi_Kimya: Uzima sijauliza. Modeli.

Mpangaji_Tabata: HP LaserJet 1020.

Fundi_Kimya: Ungeanza na hapo. Hiyo haina waifai wala tundu la waya wa mtandao, ni USB peke yake. Halafu ina usahaulifu: ukiizima, ukija kuiwasha lazima kompyuta iipakie upya programu yake ndipo iamke. Vile viboksi rahisi vya kuunganisha printa ya USB na ruta vinapitisha kazi tu, kuiamsha haviwezi. Njia ya bure: ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, washa kushea, mtandao uweke Private, kompyuta isilale. Ukiwa na laptopu kuukuu hata iliyopasuka kioo, weka Linux na CUPS, programu yake ya kusimamia printa, simu nazo zitaiona.

Mpangaji_Tabata: Sasa mkuu, kiboksi nimeshatanguliza elfu thelathini Kariakoo. Jamaa kanihakikishia kinakubali printa zote.

Kobe Mpole: Zote! Kama dawa ya mnadani: inatibu kisukari, nguvu za kiume na LaserJet.

Mpangaji_Tabata: Cheka tu. Mtu ana duka na risiti kanipa.

Fundi_Kimya: Printa iko chumba gani? USB mwisho mita 5. Waya wa mtandao ndio unafika 100.

Mpangaji_Tabata: Iko kwa shemeji, banda la uani. Tulichanga nusu kwa nusu. Akienda kazini anafunga mlango, na siku hizi hatuongei sana. Ndiyo maana nataka kiboksi, kompyuta yake isihusike.

Mama Saumu: Ehee. Sasa tumefika.

Kijiko: Hii chai, tena ya maziwa. Wiki mbili zilizopita ulifungua uzi unatafuta mchumba, leo una shemeji? Sema tu wewe ndiye muuza viboksi.

Mpangaji_Tabata: Shemeji ni mume wa dada yangu! Na mchumba sijapata.

Mama Saumu: Una miaka mingapi? Unasali wapi? Nina mpwa wangu Morogoro, ametulia.

Kobe Mpole: Mpwa ana printa?

Fundi_Kimya: Jamani. Mpangaji, huyo shemeji akifunga mlango anazima na umeme? Maana ukichomeka hata mtambo wa serikali, printa iliyozimwa haichapi. Kaongee naye.

Mpangaji_Tabata: Nimemtumia meseji. Kajibu hivi: "Tona iliisha tangu Jumapili. Nilikuwa nasubiri uulize."