Jina la mjukuu

*Kikundi: Ukoo wa Malindi*

Baraka: Shikamooni wazee wangu. Mtoto kazaliwa alfajiri, mvulana, na mama yake mzima. Tumemwita Javier.

Shangazi Kadzo: Mungu asifiwe!! Hongereni sana 🙏🏾

Mjomba Charo: Hongera mwanangu. Javier kama Mascherano yule mwanasoka?

Shangazi Kadzo: Nimemsomea Bibi. Anauliza jina la babu yenu mmemwachia nani?

Baraka: Bibi, hatujaliacha. Ndilo hilo hilo. Shangazi, msomee yote nitakayoandika.

Baraka: Wakwe zangu ni watu wa Navarra, kaskazini mwa Hispania. Huko kuna ngome iitwayo Javier. Zamani halikuwa jina la mtu, lilikuwa jina la mahali. Ni Kibaski: etxe ni nyumba, berri ni mpya. Nyumba mpya! Midomo ya watu ikalifupisha likawa Xavier.

Baraka: Ndani ya ngome hiyo akazaliwa Francisco, mwaka 1506. Akawa padre Mjesuiti, akajulikana kwa jina la kwao, kama mtu anavyoitwa fulani wa Malindi. Alipotangazwa mtakatifu mwaka 1622, watoto wengi wakabatizwa Francisco Javier. Siku hizi Javier linasimama peke yake.

Dama: Na wale wanasoka Xavi na Xabi je?

Baraka: Jina moja. Xavi Hernández ni Mkatalani, Xabi Alonso ni Mbaski. Hispania ya zamani hiyo X ilisomwa "sh". Sauti ikageuka ikawa kama "kh" yetu ya kheri, na mwaka 1815 ikaamuliwa iandikwe J.

Mjomba Charo: Ngoja. Huyo padre Francisco si ndiye aliyepita hapa kwetu? Lile kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, la makuti?

Baraka: Ndiye, mjomba. 1542, akielekea Goa, India. Ameandika kwenye barua kwamba mtu mmoja wa meli yao alikufa wakamzika Malindi, na Waislamu wa mji wakapendezwa na mazishi yale. Mzee mmoja Mwislamu akamlalamikia kuwa mji una misikiti 17 ila inayoswaliwa ni 3 tu, akamuuliza kama Wakristo nao wamelegea hivyo.

Mjomba Charo: Nimepita pale miaka yote hii. Sikujua.

Shangazi Kadzo: Bibi kainuka kaenda kabatini.

Shangazi Kadzo: [Picha] Cheti cha ubatizo cha Babu. Wino umefifia lakini unasomeka: Fransisko Ksaveri.

Dama: Jamani 😭

Baraka: Ksaveri ndiyo Javier, Bibi. Sisi tuliipata kwa mapadre, wao wameizaa.

Shangazi Kadzo: Anataka kusikia linavyotamkwa huko.

Baraka: [Ujumbe wa sauti, sekunde 4]

Shangazi Kadzo: Kalirudia mara tatu. Anasema ninyi mwiteni hivyo, yeye atamwita Ksaveri. Na uwashe video sasa hivi, anataka kumwona mume wake.