Tupeane uzoefu: juisi gani ulikunywa ukiwa mjamzito na ilikufanya nini? (mama wa Mtwara na Lindi njooni)

Mama Kauthari, Mikindani
Habari za asubuhi wapendwa. Mimba yangu ya pili hii, wiki ya 22, na safari hii imenishika kwa juisi, yani chai siitaki uji siutaki, nikifungua macho tu nawaza kitu cha baridi chenye ukali. Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema nanasi linatoa mimba nisiliguse. Jirani anasema rozela inaongeza damu ninywe jagi zima kwa siku. Nesi wa kliniki kaniambia glasi moja ndogo tu inatosha, bora nile tunda lenyewe, ila foleni ilikuwa ndefu hakuwahi kunieleza kwa nini. Naombeni mliopitia mniambie, lakini tafadhali andika kilichokupata wewe mwenyewe, nasikia nasikia ninazo za kutosha.

Mama Shamimu, Newala
Mi damu ilishuka mpaka 9 na vidonge nameza kila siku sikosi. Nesi akaniuliza unameza na nini, nikamwambia na chai ya rangi asubuhi. Akasema hapo hapo ndo shida ilipo, chai inazuia yale madini ya chuma yasiingie mwilini, kunywa chai saa zingine na kidonge meza na maji, halafu kula chungwa au kamua juisi yake kidogo bila sukari, ile vitamini C inasaidia chuma kuingia. Nikafanya hivyo, na mboga nikaongeza, matembele, kunde, dagaa. Kipimo kilichofuata nilikuwa 10.6. Kwahiyo mamie chungwa lenyewe halikuniletea damu, lilisaidia vidonge vifanye kazi, usije ukaacha vidonge ukabaki na juisi.

Mama Kauthari, Mikindani
Asante sana mamaangu. Na rozela je?

Mama Shamimu, Newala
Rozela mi niliambiwa niache mpaka nijifungue, kwa mjamzito usalama wake haujathibitika vizuri. Na wekundu wake usikudanganye dada, rangi sio damu.

Bi Mwanahawa, Lindi mjini
Naandika kwa urefu mnisamehe kwa sababu hili lilinitesa. Mimba yangu ya tatu iliangukia msimu wa maembe, mume kaninunulia blenda, basi ikawa asubuhi jagi, jioni jagi, na sukari kidogo naongeza. Soda nilishaacha, nikaona huku ndo kwenye afya, matunda matupu. Wiki ya 26 nikapelekwa kipimo cha sukari, kile unaenda hujala kitu wanakunywesha maji yenye glukosi halafu wanakutoa damu kwa saa saa, majibu yakaja nina kisukari cha mimba. Nililia siku ile. Daktari akaniuliza embe ngapi zinaingia kwenye hiyo jagi, nikamwambia tano sita. Akasema, ungepewa embe sita kwenye sahani ungezimaliza? Nikasema hapana. Akasema ndo hivyo, ukichuja zile nyuzinyuzi zinazofanya sukari iingie taratibu zinabaki kwenye chujio, wewe unakunywa sukari inapanda mara moja. Hakusema juisi ndo imeleta ugonjwa, maana kwetu mama ana kisukari na mimi mwili ninao, lakini alisema ilikuwa inauchochea. Nikaacha juisi kabisa, nikawa nakula kipande cha embe baada ya chakula, natembea jioni kule ufukweni. Mtoto hata hivyo alizaliwa na kilo 4.3 kwa operesheni, na wakawa wanampima sukari kila baada ya masaa maana hawa watoto sukari yao inaweza kushuka ghafla wakishazaliwa. Alhamdulillahi yuko darasa la kwanza sasa. Omba hicho kipimo Mama Kauthari, usisubiri waseme wao.

Baba Ramla, Tandahimba
Naomba na sisi wababa tuchangie. Mke wangu miezi mitatu ya mwanzo alikuwa anatapika hata maji. Kilichokaa tumboni ni ukwaju tu, nauloweka kwenye maji niliyochemsha, nachuja, naweka barafu ya maji hayohayo, anakunywa kidogo kidogo kwa kijiko. Baadae alipoanza vidonge vya damu akawa anakosa choo, ukwaju ukasaidia na hapo. Ila ukizidisha unaharisha, sisi yalitukuta. Na kuna siku alikuwa hata mkojo hapati, tukakimbilia hospitali akawekewa dripu, mwenzio akifika hapo usikae nyumbani unakamua ukwaju.

Mama Jamali, Masasi
Mi nina moja tu, juisi za barabarani wajawazito acheni. Nilikunywa ya miwa stendi, ina barafu sijui ya maji gani, mimba ina miezi saba. Usiku naharisha natapika, tumbo linakaza nikajua mtoto anakuja. Nililazwa siku tatu. Yule kijana simlaumu sana, ndoo ya maji anayosuuzia glasi ni ile ile moja toka asubuhi mpaka jioni.

Nesi Zu, Mtwara
Hapo Mama Jamali kasema la msingi. Tunda ambalo halijaoshwa na maji ambayo hayajachemshwa yanabeba vijidudu ambavyo mjamzito vinampiga zaidi, vingine vinaweza kumfikia mtoto. Osha tunda kabla ya kumenya, kamua, kunywa muda huohuo. Nanasi lililoiva kwa kiasi cha kawaida halitoi mimba, mwambie mama mkwe kwa upole. Papai lililoiva sawa, bichi ndo uliache, utomvu wake unaweza kuukaza mji wa mimba.

Bibi Fatu, Nanyamba
Wajukuu zangu mmesahau mabibo, na nyie mmezaliwa kwenye mikorosho? Mwezi wa kumi ukifika bibo moja lina vitamini hiyo mnayosema kushinda chungwa. Mi nilizaa saba nikila mabibo. Lakini kunywa yakiwa yamekamuliwa sasa hivi, yakilala kwenye dumu yanachachuka yanaanza kuwa uraka, na uraka ni pombe hata ukiwa bado mtamu. Nilishamuona binti na tumbo lake anapewa kikombe cha juzi anaambiwa ni juisi, nikakimwaga chini mbele ya watu.

Mama Kauthari, Mikindani
Bibi shikamoo, nimekusoma nikatetemeka maana kwa wifi yangu huko bara lipo hilo dumu. Bi Mwanahawa yani umeniamsha, mi mwenyewe baba yangu ana sukari na kliniki hakuna aliyeniuliza. Jumanne naenda nawaambia wanipime. Jagi nimeshampa mwanangu achezee maji, nimeosha machungwa mawili nayamenya hapa nayala na nyama zake. Mama Shamimu, kidonge nikimeza usiku baada ya kula, chai ya jioni niinywe saa ngapi?

Mama Shamimu, Newala
Saa kumi inatosha mamie, usiku kidonge na maji.